Boksi Lisitupwe

Mwishoni mwa 1977 kampuni ya Kenner ya Marekani iliuza bahasha bapa ya kadibodi isiyo na mwanasesere hata mmoja ndani yake. Filamu ya Star Wars ilikuwa imetoka Mei mwaka huo, watoto wakataka wahusika wake wa kuchezea, na kiwanda hakikuwahi kuwatengeneza kabla ya Krismasi. Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti. Mzazi alikijaza, akakituma kwa posta, na mwanzoni mwa 1978 mtoto akapokea wanasesere wanne: Luke Skywalker, Princess Leia, Chewbacca na R2-D2. Leo bahasha ile ikiwa kamili, na cheti chake kimo, wakusanyaji wanaigombania. Maana kila aliyeitumia kama ilivyokusudiwa alikitoa cheti akakituma. Iliyobaki kamili ni ile ambayo, kwa sababu yoyote ile, haikufanya kazi yake.

Mimi nakusanya vigari vya kuchezea vya Matchbox, hasa vile vya kampuni ya Lesney ya Uingereza vya kabla ya 1970, na hakuna jambo linalowashangaza wageni wangu kama hili: kwamba kisanduku kitupu cha karatasi ngumu, kisichojaa hata kiganja, kinaweza kuwa na thamani sawa na kigari chenyewe, na pengine kukishinda. Wananiuliza kwani karatasi inafanya nini. Inafanya mengi, na nitayaeleza, kwa kuwa naumia kila ninapoona mtu anaponda boksi na kulitupa huku kitu chenyewe akikifuta vumbi kwa upendo.

Tuanze na hesabu rahisi. Siku vilipotoka kiwandani, vigari na visanduku vilikuwa sawa kwa idadi, kila kigari na kisanduku chake. Kisha maisha yakavitenganisha. Kigari ni chuma. Kimezikwa mchangani, kimeanguka ngazini, kimelowa mvua, na bado kipo, rangi imebanduka tu. Kisanduku kilichanwa siku ya kwanza, na kama kilinusurika, kilikanyagwa wiki ya pili. Kwa hiyo miaka 60 baadaye vigari ni vingi na visanduku ni vichache, ingawa vilizaliwa pamoja. Adimu si kile kilichotengenezwa kichache. Adimu ni kile ambacho hakuna aliyefikiria kukitunza.

Kwa Matchbox jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kisanduku ndicho kilichozaa jina: Matchbox kwa Kiingereza ni kisanduku cha kiberiti. Jack Odell, mmoja wa waanzilishi, alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu watoto waje na kitu cha kuchezea iwapo tu kinaenea ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea kishindilia barabara kidogo cha kuingia humo. Mwaka 1953 vigari vya namna hiyo vikaingia madukani ndani ya visanduku vilivyofanana na viberiti. Mtu akiniletea kigari bila kisanduku ninakipokea kwa furaha, lakini najua nusu ya wazo la Odell haipo mkononi mwangu.

Hata hivyo, uchache peke yake haunitoshi kama sababu. Vitu vichache duniani visivyotakiwa na mtu ni tele. Kinachonivuta mimi ni kwamba boksi ni hati. Linasema mambo ambayo kitu chenyewe hakiwezi kuyasema.

Chukua wanasesere wale wale wa Kenner. Kadi za kwanza walizobandikwa zilikuwa na picha za wanasesere 12 kwa nyuma, kwa kuwa ndio waliokuwepo. Wengine walipoongezwa, picha nazo zikaongezeka, na filamu mpya ilipotoka jina la mbele likabadilika. Mwanasesere wa plastiki ni yule yule, huenda umbo lake halikubadilika hata kidogo, lakini ukigeuza kadi na kuhesabu picha unajua ni toleo la kipindi gani. Mtoe kwenye kadi, naye anakuwa mmoja kati ya mamilioni, hana tarehe.

Wapenda vitabu wanalijua hili kuliko sisi wa vigari. Toleo la kwanza la riwaya ya The Great Gatsby, la 1925, lilikuwa na jalada la karatasi lililochorwa na Francis Cugat: macho na midomo juu ya anga la buluu na taa za mji. Jalada hilo lilizidi kitabu urefu kidogo, kwa hiyo kingo zake zilichanika haraka na wengi wakalitupa. Tena nyuma yake jina Jay, la mhusika mkuu, lilichapwa likianza kwa herufi ndogo, ikabidi kosa lirekebishwe kwenye nakala zilizokwisha chapwa, na alama hiyo ndiyo wanayoitafuta wajuzi kwa kioo cha kukuzia. Nakala isiyo na jalada huuzwa kwa maelfu ya dola. Yenye jalada zuri hupita dola 100,000. Maneno ya ndani ni yale yale, koma kwa koma. Tofauti yote imo katika karatasi iliyotengenezwa kukinga vumbi, iliyoharibika kwa sababu ilikatwa vibaya.

Na ndiyo maana wapenda saa huulizia kwanza kama saa ina boksi na karatasi zake. Hawaulizi kwa ajili ya kupamba kabati. Namba iliyo kwenye karatasi ikilingana na iliyochongwa kwenye saa, wasiwasi unapungua.

Nina neno kuhusu stika za bei. Wauzaji wengi huzibandua ili boksi lipendeze, na kila mara hubaki jeraha jeupe pale gundi iliponyofoa chapa. Tafadhali, ziacheni. Stika ya duka, maandishi ya kalamu ya muuzaji, hata bei iliyokatwa na kuandikwa ndogo zaidi, vyote vinaniambia kitu hiki kilisimama kwenye rafu, kikashindwa kuuzwa, kikapunguzwa bei, kikachukuliwa. Ni sehemu ya maisha yake. Kigari kimoja katika kabati langu kina jina la mtoto limeandikwa kwa penseli ndani ya kikunjo cha kisanduku, herufi moja imegeuzwa kinyume, na sitakibadilisha kwa kisanduku safi.

Kuhusu vitu vilivyofungwa bado, ambavyo havijawahi kufunguliwa, bei zake zimepaa mno. Julai 2023 iPhone ya kwanza ya 2007, ile ya gigabaiti 4, ikiwa ndani ya nailoni yake ya kiwandani, iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 190,000. Ilipotoka dukani ilikuwa dola 499. Aina hiyo haikukaa sokoni hata miezi mitatu kabla ya kuondolewa, kwa hiyo iliyobaki imefungwa ni chache kweli. Ninaelewa. Nailoni ambayo haijachanwa ni ushahidi mkubwa kuliko wote: hakuna kilichopungua, hakuna kilichobadilishwa, hakuna mkono uliogusa.

Lakini mimi si wa kundi hilo, na nitasema kwa nini. Anayenunua kilichofungwa ananunua asichokiona. Plastiki laini huzeeka hata gizani; viungo vilivyoilainisha hutoka polepole na kuifanya inate, betri huvuja, povu la kuzuia mtikisiko huoza na kugandamana na rangi. Na nailoni inaweza kufungwa upya. Mashine ya kufanyia kazi hiyo si kitu adimu. Wajuzi wa michezo ya video ya zamani ya kampuni ya Nintendo huchunguza mishono ya nailoni nyuma ya boksi, kwani kiwanda kilikuwa na namna yake ya kufunga, na anayeghushi mara nyingi huipatia sura ya mbele akasahau mgongo. Kama huwezi kusoma mshono, nunua kilichofunguliwa kwa uangalifu, chenye boksi na vijikaratasi vyake vyote. Hapo unaona kila kitu, unashika, na bado hati yako unayo.

Vijikaratasi nimevitaja kwa makusudi. Trei ya kadibodi ya ndani, mwongozo, tangazo la bidhaa nyingine, hata waya uliofunga mkono wa mwanasesere. Hivyo hupotea kabla ya boksi, na mnunuzi makini huanza kuvihesabu hivyo.

Utunzaji wenyewe hauna siri. Jua ndilo adui wa kwanza. Wekundu hutangulia kufifia. Unyevu huleta kuvu na kuwaita wadudu wanaokula karatasi. Selotepu usiiguse kabisa, hata kwenye kona iliyochanika, maana gundi yake hugeuka njano na doa lake halitoki. Mpira wa kufungia nao huyeyuka na kung'ang'ania. Kisanduku chembamba kikiwa na kitu kizito ndani, vihifadhi kando kando, kila kimoja katika mfuko wake, lakini andika namba inayofanana kwenye mifuko yote miwili ili visije vikapoteana.

Na visanduku vya kuiga vipo, vimechapwa upya vizuri sana, kwa ajili ya watu wanaotaka kabati lao lionekane kamili. Sina ugomvi navyo mradi vitajwe kuwa ni nakala. Nikikipata kimoja ninaandika neno nakala kwa penseli ndani ya kikunjo, mahali ambapo mnunuzi wa baadaye atapatazama kwanza. Karatasi yake ni nyeupe mno kwa ndani, na ukiinusa utasikia wino mpya.