Nimelipia Kitanda Mwanza, Nikalala Nansio

Ukipanda ndege ya kwenda Mwanza, gombea dirisha. Kwanza unaona maji tu, kisha mawe yanaanza kuchomoza ziwani kama migongo ya viboko, halafu nyumba zilizopandiana juu ya majabali, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe. Ukija kushtuka magurudumu yameshagusa ardhi na ziwa bado liko ubavuni. Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ni kama kilometa 10. Nilidandia daladala, begi mapajani, na tulipofika Kirumba harufu ya dagaa ikaingia dirishani kunipa pole ya safari.

Watu wengi wa Dar ninaowajua wanaifahamu Mwanza kwa harusi na misiba, au wanaipitia tu wakielekea Bukoba. Mimi nilikuwa na siku tano za likizo na mpango mmoja: chumba kimoja, begi likae hapo, asubuhi nitoke, jioni nirudi. Safari za kuhamahama, leo unafunga begi kesho unafungua, zilishanichosha. Nikapata gesti isiyo mbali na Capri Point, nikalipia siku zote kwa mkupuo ili nipunguziwe bei. Nilijiona mjanja.

Mchana huohuo nikavuka kwenda Saanane. Boti inatumia dakika chache tu, hata hujamaliza kufunga kamba za jaketi la kuokolea umefika. Kisiwa kimebeba jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 serikali ikaanzisha bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Usitarajie makundi ya tembo. Kuna swala, pimbi wanaokuangalia kama wanakudai, na mijusi yenye vichwa vyekundu inayopiga pushapu juu ya mawe. Nilikaa juu ya jabali moja hadi mhifadhi akaja kuniambia, "Kaka, boti ya mwisho hiyo." Ningeisikiliza vizuri ile sentensi, ningejiepushia mengi.

Siku ya pili nikaenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Daladala hadi Kisesa, barabara ya Musoma, halafu bodaboda hadi juu kilimani. Hapa nilitaka kukaa saa moja, nikakaa nne. Kituo kilianzishwa na padri Mkanada, David Clement, na kanisa lake limejengwa kwa umbo la msonge. Banda la watemi nalo lina umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimo ngoma za himaya mbalimbali. Lakini kilichonikamata ni kuhesabu. Mwongoza wageni, kijana wa hapohapo, alinionyesha kwamba zamani kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia moja hadi kumi. Watoto walihesabu kivyao, vijana kivyao, wazee kivyao. Alinihesabia seti moja baada ya nyingine akigonga vidole kwenye ukuta, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akifagia uani akamkatiza: "Hiyo saba umekosea, mwanangu." Wakabishana Kisukuma, mimi nimesahaulika kabisa.

Siku ya tatu haina mengi. Nilikwenda Sengerema kwa sababu moja tu, nipite juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Ni kilometa 3 juu ya maji. Abiria wenzangu walisimulia foleni za kivuko kama watu waliotoka jela. Nikala, nikarudi.

Ya nne ndiyo Ukerewe. Meli ya asubuhi ilichukua zaidi ya saa tatu kufika Nansio, imejaa magodoro, kreti za soda na kuku. Jirani yangu, mzee wa Kikerewe, nilipomwamkia aliitikia kisha akanionyesha lilipo boksi la majaketi kabla hata hajaniuliza natoka wapi. Nilimwelewa. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na MV Nyerere Septemba 20, 2018, karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Watu wa huku hawahadithiwi mambo hayo.

Nansio nikala sato wa kukaanga na ugali, nikanunua machungwa, nikachukua bodaboda hadi Bukindo kuona jumba la kale la machifu. Wakati wa kurudi, tairi la nyuma likapasuka. Tukasukuma pikipiki, yule dogo akiniambia, "Usiwaze bro, tunawahi." Tulipofika gatini mama muuza karanga alinyoosha mkono kuelekea ziwani: "Ile pale, baba. Inaondoka." Nikaitazama ikizidi kuwa ndogo. Mswaki, chaja, shati safi, vyote vilikuwa Mwanza vimelala kitandani kwangu.

Usiku ule nikalipia kitanda cha pili. Alfajiri, kwa kuwa jioni nilikuwa na ndege, niliogopa kutegemea meli tena, nikapanda basi linalozunguka: Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha Bunda, halafu barabara kuu. Na hapo, kati ya Bunda na Lamadi, Serengeti ikajitokeza kushoto. Hifadhi inafika mpaka kando ya lami. Lango la Ndabaka unaliona ukiwa kwenye siti. Pundamilia kama ishirini walikuwa wakila majani, mtoto wa mbele yangu akapiga kelele, "Punda wenye jezi!" Kondakta hakugeuza hata shingo. Kwa nauli ya basi!

Tukapita Magu, tukapita Kisesa nikakipungia mkono kilima cha Bujora, na saa saba nikawa gesti. Chumba kilikuwa kama nilivyokiacha, shuka halijakunjwa, sabuni bado kwenye karatasi yake.

"Tulijua umetoroka ukaacha begi," alisema dada wa mapokezi.

Nikamwomba anirudishie hela ya usiku ule mmoja. Alicheka mpaka akashika kaunta.