Kengele ya bruda kwa amri moja

Nafuga kuku hapa Mafinga, na aliyewahi kulala Mafinga mwezi wa saba anaijua baridi yake. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Jiko la mkaa likipoa usiku wanarundikana kona moja, wa chini wanakosa hewa na kufa.

Usiku nafanya kazi za kuchapa kwenye laptopu yenye Debian (mfumo wa Linux), chumba jirani na bruda, yaani chumba cha kulelea vifaranga. Nikishazama kwenye kazi, muda unakwenda bila kujua. Nilitaka kitu cha kunigutua, kisichotegemea bando. Nilisakinisha kimoja tu:

sudo apt install espeak-ng

Hii inasoma maandishi kwa sauti, na Kiswahili kimo. Kisha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) naandika:

while sleep 90m; do espeak-ng -v sw "Ongeza mkaa"; done

Amri ya sleep inangoja dakika 90, sauti inatoka, halafu inaanza kungoja upya mpaka nibonyeze Ctrl+C. Herufi m ni dakika. Ukitaka saa, weka h. Lafudhi yake ni ya mashine kabisa, lakini maneno yanaeleweka, na kwangu hilo ndilo la maana. Mlio mtupu unauzima huku macho yako kwenye kazi. Ukiambiwa ongeza mkaa, unanyanyuka. (Mkaa ushike vizuri nje kwanza, na matundu ya hewa ya juu yabaki wazi. Hewa ya mkaa inaua vifaranga, na inaua watu pia.)

Cha kuangalia sana ni laptopu kulala. Ikilala, sleep nayo inasimama kuhesabu, na dakika 90 zinaweza kuwa usiku mzima. Kwa hiyo naiwekea kizuizi:

while systemd-inhibit sleep 90m; do espeak-ng -v sw "Ongeza mkaa"; done

Kizuizi hicho kwa kawaida hakifanyi kazi ukifunika laptopu, basi naiacha wazi na chaja imechomekwa. Earphone nazichomoa, maana zikiwa zimechomekwa sauti inaishia humo. Kabla ya kuanza kazi naendesha espeak-ng peke yake mara moja, nikiwa nimesimama mlangoni mwa bruda. Nikiisikia kutoka pale, sauti inatosha.