Umeme ukatike kila mahali

Kuna jaribio la fimwea, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa, ambalo silikubali. Mtu anaanza kusasisha kifaa, anachomoa waya katikati, anaurudisha, kifaa kinawaka, basi anaandika kwamba kimefaulu. Hapo amepima nukta moja kati ya maelfu.

Chukua kifaa chenye nafasi mbili za fimwea, kila moja kilobaiti 384, na fleshi (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) yenye sekta, yaani vipande vinavyofutwa kwa pamoja, za baiti 4,096. Hizo ni sekta 96 kila upande. Butiloda, programu ndogo inayowasha kifaa, inapobadilishana toleo la zamani na jipya kupitia sekta moja ya akiba hufuta mara tatu na kunakili mara tatu kwa kila jozi ya sekta. Ikiandika vipande vya baiti 256, jumla ni kufuta mara 288 na kuandika mara 4,608, bila kuhesabu kumbukumbu za hatua iliyofikiwa. Umeme unaweza kukatika popote humo.

Ndiyo maana natumia simuleta. Msimbo wa butiloda ni uleule unaokwenda kwenye chipu, ila fleshi ni safu ya baiti ndani ya kompyuta. Mzunguko wa kwanza unakatwa kwenye tendo la 1 la kufuta au kuandika, unaofuata kwenye la 2, hivyo hivyo hadi mwisho, na kila mara butiloda inawashwa upya. Mradi wa MCUboot, butiloda ya chanzo huria, una simuleta ya namna hii, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, isome, inafundisha.

Simuleta isiwe na huruma. Katika fleshi ya aina ya NOR, kufuta hurudisha biti zote kuwa 1, na kuandika hugeuza 1 kuwa 0 tu, kwa hiyo yangu husimamisha jaribio pale butiloda inapoandika juu ya eneo lisilofutwa. Ufutaji uliokatizwa huacha sekta nusu safi, nusu ya zamani. Hapo ndipo niliponasa hitilafu mbaya kuliko zote: katika sekta inayotunza kumbukumbu za hatua, alama ya mwisho wa sekta ilisalia, rekodi za sekta zilizokwisha kuhamishwa zikafutika, butiloda ikaanza tena kutoka sekta ya 0. Matoleo mawili yakachanganyika, na SHA-256, hesabu inayothibitisha kwamba toleo halijabadilika, ikakataa.

Halafu kuna umeme kukatika tena wakati wa kujiokoa. Kwa sekta 96, jozi za makato, la kwanza na la pili, zinakaribia milioni 24; napunguza nafasi ziwe za sekta nne, matendo yanabaki 204, na jozi kama elfu 40 zinapimika zote.

Sasa naongeza sekta dhaifu, ile ambayo baada ya kukatizwa baiti zake husomeka tofauti kila zinaposomwa.