Tabora Boys, shule ya watoto wa machifu

Ukimsikia mzee anasema "mimi nimesoma Tabora" ujue hapo anatamba kidogo, na ana haki yake. Mwingereza aliianzisha shule hii ya wavulana pale Tabora, Tanzania, miaka ya 1920, akilenga hasa watoto wa machifu ili waje kumsaidia kutawala, basi 1937 akaingia mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki, ndo Nyerere huyo, Kawawa na Kambona, wenzake kwenye kupigania uhuru, nao wakapita hapohapo, yani Mwingereza aliwasomesha mwenyewe waliokuja kumtoa hahaha. Maisha ni ya bweni na viranja, enzi hizo inasimuliwa kiranja alikuwa anapata mgao wa chakula mara mbili, Nyerere akalipinga hilo, na baadae akafanywa kiranja yeye. Siku hizi ni shule ya vipaji maalumu, unaingia kwa maksi zako.