Lori lililogoma bila hata moshi

Kipindi hicho nilikuwa bado najifunza ufundi chini ya mzee mmoja wa injini za dizeli, na gari lililonifungua macho kuliko yote ni lori moja kuukuu la silinda nne, umeme wa volti 24, pampu ya zile za zamani zenye kipampu cha mkono ubavuni cha kuvutia mafuta. Mchana halikuwa na shida kabisa. Likishawaka siku nzima unazima unawasha, ukigusa ufunguo tu limeshika, linapanda mlima na mzigo wake bila kelele. Ila asubuhi ya baridi, likishalala usiku kucha, ni vita, stata inalia weee mpaka betri zinaishiwa, alafu wanaitwa watu kusukuma.

Kabla ya kuja kwetu lilishapita mikono mingi. Betri mpya, filta ya dizeli mpya, nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda zilishatolewa zikapimwa zikarudishwa, na fundi wa mwisho akamwambia tajiri mwenye lori kwamba pampu kubwa ya dizeli imekufa, ishushwe. Mimi hiyo tabia ya kukimbilia pampu siipendi mpaka leo, maana pampu ndo kitu cha gharama na ndo kitu cha mwisho kufikiria, ila kwa sababu watu wengi hawaielewi basi kila ugonjwa anabebeshwa yeye.

Mzee alikataa hata kufungua boneti siku hiyo. Akasema hili limekuja la moto, la moto halisemi kitu, liacheni lilale hapa na asubuhi mtu asiguse ufunguo mpaka nifike.

Asubuhi akanipeleka nyuma kwenye egzosti. "We dogo kazi yako moshi tu, ya stata achana nayo." Dereva akapiga stata, akapumzika, akapiga tena, mimi nimeinama pale naangalia lile bomba, hakuna kitu. Yaani hata kauzi kembamba ka moshi hakuna. Nikapiga kelele, Mzee hakuna moshi! Akajibu kwa utulivu kabisa, "basi dizeli haijafika."

Hapo ndo akanieleza kitu ambacho nimekitumia kwenye kila dizeli inayogoma asubuhi. Injini ya dizeli haina cheche, inategemea hewa ibanwe mara 16 mpaka 20 hivi ndani ya silinda ipate moto, alafu dizeli ipulizwe humo ijiwakie yenyewe. Sasa kama dizeli inapulizwa lakini moto hautoshi, itatoka nyuma ikiwa mvuke mweupe unaowasha macho na kunuka mafuta mabichi. Kama hakuna hata moshi, hakuna kinachopulizwa. Kwahiyo kabla hujashika spana ushajua uende upande gani, wa mafuta au wa joto.

Wakati tunaongea dereva akachomeka maneno ambayo nadhani alikuwa anayasema siku zote ila hakuna aliyemsikiliza. "Mzee, mi nikilipaki kichwa kimeelekea bondeni huwa halinisumbui sana." Wote tulidhani anapaki hivyo ili aliachie liteleze liwake kwa gia. Mzee akamuuliza, unaliachia au unapiga stata? Akasema stata tu, likilia kidogo linashika. Na tangi likiwa limejaa? Akafikiria kidogo, akasema enhee, hata hapo linawaka afadhali.

Mzee akatikisa kichwa, akaniagiza mpira unaoonyesha ndani, vipande viwili. Kimoja tukakifunga kwenye laini inayotoka tangini kabla ya ile pampu ndogo ya kuvuta mafuta, iliyobeba kipampu cha mkono, kingine baada yake kwenda kwenye filta. Tukatoa hewa kwa kipampu cha mkono, likawaka, likaunguruma pale. Mpira wa kwanza ulikuwa safi, dizeli imejaa tii. Mpira wa pili viputo vidogo vidogo vinapita kimoja kimoja, ukiangalia haraka huvioni. Maana yake hewa haitoki tangini, inaingia hapo katikati. Mzee akachota grisi kwa kidole akapaka kuzunguka shingo ya kipampu cha mkono, na viputo vikakata hapo hapo.

Sili ya ndani ya kile kipampu ilishakufa, na kwa kuwa huo ni upande wa kuvuta, dizeli haivuji nje hata tone, ni hewa ndo inavutwa kuingia ndani, kwahiyo unaweza kupitisha mkono mara mia ukatoka mkavu. Injini ikiwa inaenda hewa kidogo hivyo inaimeza inaendelea. Ikilala sasa, ile hewa inafanya kama ukitoa kidole juu ya mrija, mafuta yote yanashuka taratibu kurudi tangini. Ukipaki kichwa chini tangi linakuwa juu kidogo, yanashuka wapi? Ndo ile siri ya dereva.

Tukabadilisha kipampu, likalala tena.

Kesho yake stata ikapigwa na nyuma kukawa kweupe, moshi mzito mpaka nikarudi nyuma nakohoa, na halikuwaka. Bahati mbaya tajiri alikuwepo. Akafoka, mwanzo halikuwa linatoa moshi sasa hivi linatoa, mmeniharibia! Mzee alikuwa anatabasamu tu, akamwambia, tajiri huu moshi ndo tulikuwa tunautafuta, mafuta yamefika, sasa imebaki joto. Tajiri haelewi, anasema hizo ni ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe, na kuna mtu aliyekuja naye akatoa kopo la etha, ile dawa inayoshika moto haraka, anataka kupuliza kwenye mdomo wa hewa. Mzee pale ndo alikasirika kweli. Etha kwenye injini yenye plagi za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, inavunja ringi au pistoni, alafu ule ugonjwa uliokuwa haupo unakuwepo. Kuhusu ringi akamjibu kwa ufupi, ingekuwa hivyo mlimani na mzigo lisingepanda, na ukifungua kifuniko cha oili likiwa linaunguruma ungeona linavyopumua.

Akaniambia leta mita. Mdomo mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bloku ya injini, dereva apige stata. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri, nusu volti ni nyingi tayari, sisi ikasoma zaidi ya 2. Betri mpya zote hizo, na umeme unapotelea njiani kwenye waya wa ethi, ule wa kuunganisha hasi ya betri na chasi! Tukaufungua pale unapokaa kwenye chasi, chini ya bolti kuna rangi na kutu ya kijani, tukasugua mpaka chuma kikang'aa. Stata ilivyopigwa tena hata mlio ulibadilika. Na hili sio jambo dogo, injini ikizunguka polepole hewa inapata muda wa kupenya kwenye ringi na joto lote linanyonywa na chuma baridi, hata komprisheni, yaani ule mbano wa hewa, ikiwa nzuri inaonekana mbovu.

Plagi zenyewe tulizipima kwa taa. Unafungua ule upau wa shaba unaoziunganisha, waya mmoja wa taa kwenye chanya, mwingine unagusa kichwa cha plagi moja moja. Ya kwanza taa ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu giza, ya nne giza. Nusu ya injini ilikuwa haipashwi kabisa.

Ya tatu ilitoka kirahisi, tukaweka mpya. Ya nne iligoma, nikitaka kuongeza nguvu kwenye spana Mzee akanishika mkono, ikikatikia humo tunashusha kichwa cha silinda. Akaweka mafuta ya kulegeza kutu, tukaiacha, lori likawashwa hivyo hivyo na plagi tatu. Liliwaka. Likatetema kidogo, silinda moja inapiga miayo, kamoshi keupe kakatoka alafu kakapotea na mlio ukakaa sawa. Tajiri akauliza mbona linatetema, Mzee akamwambia lilete jioni likitoka kazini likiwa bado la moto tutoe iliyobaki.

Alilileta kweli, na ikatoka kwa robo robo ya mzunguko, mbele nyuma, mbele nyuma, ncha yake imejaa kaboni nyeusi na imepasuka kwa urefu.