Kuvuta tela la kulala kwa GX 100

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Vijiji vingi ninavyopima viko Chemba, Bahi na Manyoni, na mara nyingi gesti ya karibu iko mwendo wa saa nzima kwa bodaboda. Mashine za kupimia si vitu vya kuacha kwenye chumba ambacho mlango wake unafungwa kwa msumari uliopindwa. Nikaamua nitengeneze tela la kulala. Gari nililokuwa nalo ni Toyota Mark II, hii tunayoiita GX 100, na sikuwa na mpango wa kununua Land Cruiser ili tu nikalale Chikuyu.

Kila aliyenikataza alitaja injini. "Hilo gari la mjini, utaliua." Lakini GX 100 ina silinda sita, cc 1,988, na inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Hilo la nyuma ndilo zuri kwa kazi hii: mkono wa tela unapokandamiza mkia wa gari, matairi yanayosukuma ndiyo yanayozidi kushika ardhi. Gari linalosukuma kwa mbele hali yake ni kinyume, pua inanyanyuka na penye changarawe matairi yanazunguka bure. Kweli Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 kwa sababu hewa ni nyepesi. Mlimani unalisikia hilo. Hata hivyo kuvuta si kitu kilichonipa kazi. Kilichonipa kazi ni uzito: umekaa wapi, na utausimamisha na nini.

Tela lilichomelewa Kizota. Chesisi ya skwea paipu, ekseli moja, plaiwudi kwa ndani na bati la alumini kwa nje, kitanda cha futi nne, meza ya kukunja, betri ya sola na mahali pa mtungi mdogo wa gesi. Fundi alitaka kulipandisha paa ili mtu asimame wima. Nikakataa. Upepo wa Dodoma kuanzia Juni mnajua ulivyo, na paa refu ni tanga. Humo ndani nainama, na sijawahi kujuta.

Mtu akitaka kujifunza jambo moja tu kwangu, basi ni mizani. Tela likiwa na kila kitu ndani, nililipitisha kwenye mizani ya magari ya ghala la nafaka: kilo 540. Baada ya hapo nikaomba mizani ya magunia kwa mnunuzi mmoja wa alizeti. Tukaegesha tela mahali tambarare, tukazuia magurudumu kwa mawe, tukasimamisha kipande cha mbao juu ya mizani, kisha tukakalisha kichwa cha tela juu ya ile mbao kwa urefu uleule ambao kingekaa kwenye gari. Urefu huo una maana; ukipima mkono ukiwa umeinama, namba inakudanganya. Mizani ikasema kilo 18.

Kilo 18 ni kidogo mno. Mkono wa tela unatakiwa ukandamize gari kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa tela, yaani kwangu kati ya kilo 27 na 54. Ukiwa mwepesi, tela linaanza kutikisa mkia ukikimbia, na mkia ukizidi unalipeleka gari lote porini. Ukiwa mzito kupita kiasi, gari linakaa chini nyuma, taa za mbele zinamulika minazi, na usukani unakuwa mwepesi kama huna matairi ya mbele. Tukatafuta mchawi ni nani. Alikuwa maji. Madumu mawili ya lita 20 yalikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu ndipo ilipokuwa rahisi kuyashusha. Kutoka kwenye ekseli hadi kichwa cha tela ni mita 2.6. Tukayasogeza madumu mbele kwa mita 1.7, hadi mbele kidogo ya ekseli. Kilo 40 mara 1.7, gawa kwa 2.6, inakuja 26. Yule mnunuzi hakuniamini hadi alipoona mshale umesimama kwenye 44. Hatukuongeza wala kupunguza hata sufuria.

Tangu hapo maji yana sehemu yake. Yakiisha njiani nalijua hilo, nahamisha sanduku la vyuma vya kupimia kuja mbele. Buti la gari linabaki tupu, isipokuwa tairi la akiba na jeki.

Breki sasa. Tela langu halina breki zake, linasimamishwa na gari. Nchi nyingi za Ulaya huruhusu tela la namna hiyo hadi kilo 750, na lisizidi nusu ya uzito wa gari tupu. Nikachukua hiyo nusu kama mpaka wangu. GX 100 ina kilo 1,400 hivi, nusu yake ni 700, niko ndani. Ukitaka kuvuka hapo, weka ekseli yenye breki zinazojibana tela linaposukuma gari. Minyororo miwili ya usalama inapita chini ya mkono ikiwa imepishana kwa msalaba, ili kichwa kikichomoka kidondokee juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Na hakikisha tufe la chuma lililo nyuma ya gari na kichwa cha tela ni vya kipimo kimoja. Kuna tufe za milimita 50 na kuna za inchi mbili, ambazo ni milimita 50.8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kichwa cha inchi mbili juu ya tufe la 50 kinacheza, na kinachocheza siku moja kitatoka.

Mlima wa Saranda ndio ulionifundisha giaboksi. Kutoka Bahi hadi Kintinku ni bonde, halafu barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Manyoni, zaidi ya mita 300 juu. Malori ya Kigali na Bujumbura yanapanda kwa mwendo wa mtu na punda wake. Ukiacha giaboksi ya otomatiki ijiamulie, inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne, na kila inapobadilisha inazalisha joto. Joto ndilo linaloua giaboksi, si mzigo wenyewe. Kwa hiyo naizima O/D, yaani kitufe kinachoruhusu gia ya nne, kabla ya mlima, inabaki ya tatu, ikikaza naishusha ya pili, na sioni aibu kukaa nyuma ya lori. Niliongeza pia kipoozeo kidogo cha mafuta ya giaboksi mbele ya rejeta, cha mtumba. Mafuta nayatazama kwa kitambaa cheupe: yakiwa mekundu mazuri, yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, nabadilisha siku hiyohiyo.

Kupanda kuna mwisho wake, ukishindwa unasimama. Kushuka ndiko ninakokuheshimu zaidi. Nikirudi kutoka Manyoni naweka gia ya pili juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, kwa mwendo wa 40 hivi. Injini inalia, abiria mgeni anakutazama, mwache akutazame. Breki nakanyaga kwa nguvu kidogo, mwendo ukipungua naachia kabisa, zipumue, kisha tena. Anayeshika breki kidogokidogo mlima mzima anafika chini na harufu ya kuungua na pedali inayozama.

Bahi yenyewe ni tambarare, na hapo adui ni upepo na mabasi ya kanda ya ziwa. Basi linapokupita kwa kasi, kwanza hewa yake inakusukuma kando, halafu linapomalizia inakuvuta upande wake. Tela linalipata kabla ya gari, ndipo mkia unapoanza. Dawa ni kuachia mafuta na kushika usukani ukiwa umenyooka. Usikanyage breki, usijaribu kulikimbiza tela upande wa pili, usiongeze mwendo. Linatulia lenyewe. Kijana wangu wa kazi mara ya kwanza alishika dashibodi kwa mikono miwili na kusema, "Bosi, linatuacha!" Siku hizi yeye ndiye anayenionya kwenye kioo: "Linakuja moja, achia." Mwendo wangu wa kawaida ni 70, barabara ikiwa nzuri 80.

Kila tunaposimama, iwe kununua maji au kuchimba dawa, mmoja wetu anazunguka tela na kugusa katikati ya kila gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono pale, beringi imekazwa kupita kiasi au grisi imekwisha, na usiendelee. Mafundi wengi wanakaza beringi za tela kama bolti za daraja. Tairi nilinunua za gari la mizigo, zile zenye C baada ya ukubwa wa rimu, na nilisoma namba nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela huzeesha tairi likiwa limesimama juani. Kashata zake zinabaki mpya huku ubavu umepasuka.

Trafiki wananisimamisha karibu kila kituo, zaidi kwa udadisi. "Shikamoo mzee, hii ni ambulansi?" Namfungulia mlango aone kitanda. Halafu anauliza yanayotakiwa: tela lina namba yake na kadi yake, mbali na ya gari, taa za nyuma zinawaka, pembetatu mbili zipo, mtungi wa kuzimia moto upo. Taa zinanisumbua kuliko kitu chochote, kwa sababu vumbi linaingia kwenye plagi. Naipuliza, naipaka grisi kidogo, naifunga mfuko wa nailoni ikiwa haitumiki.

Kurudi nyuma nilijifunzia viwanja vya Nanenane, Nzuguni, nje ya msimu wa maonyesho. Shika usukani chini kabisa kwa mkono mmoja. Unapotaka mkia wa tela uende, peleka mkono huko. Mwendo wa konokono, na likianza kujikunja songa mbele unyooshe, usibishane nalo. Mke wangu alielewa haraka kuliko mimi, labda kwa sababu hakuwa amezoea kurudi nyuma kwa njia nyingine yoyote.

Masika silitoi kwenye lami. Udongo mweusi wa Bahi ukinyeshewa unakumeza hadi ekseli, na gari la kusukuma kwa nyuma ndilo la kwanza kukwama. Naliacha ofisi ya kijiji, namwambia mtendaji, naenda saiti kwa bodaboda. Hata kiangazi, kwanza natembea kwa miguu pale ninapotaka kuegesha.

Kwa matembezi tumelipeleka Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2006. Barabara ya kutoka Dodoma hadi Babati sasa ni lami tupu, ila matuta ya vijijini yako mengi, na mkono wa tela unakwaruza usipoyapanda kwa taratibu sana. Tela tuliliacha Kolo, michoroni tukapanda kwa miguu na mwongozaji, na watoto walilala humo usiku wakiwa wamebanana wote kitandani. Sisi wazazi tulilala kwenye viti vya gari.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama IST inaweza. IST ina tani moja hivi, nusu yake ni kilo 500, inasukuma kwa mbele, cc zake ni 1,300 au 1,500. Tela la kulala kama langu, hapana. Tela la wazi la kubebea kreti za zabibu kutoka Hombolo, lisilozidi kilo 300 na mzigo wake, sawa, lakini lipime mkono kwanza.