Viti vya Greensboro

Jumamosi nilimpeleka mama, aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga, kwenye makumbusho ya haki za kiraia hapa Greensboro, North Carolina. Zamani jengo hilo lilikuwa duka la Woolworth. Kaunta ya chakula bado ipo palepale, na viti vyake vimejipanga kama vinasubiri wateja.

Februari 1, 1960, vijana wanne weusi wa chuo cha A&T walinunua vitu vidogo vidogo, wakatunza risiti, kisha wakaketi hapo na kuagiza kahawa. Wakanyimwa, maana kaunta ilihudumia wazungu tu. Pesa yao ya dawa ya meno ilipokelewa vizuri tu, dukani humohumo! Walikaa mpaka duka likafungwa, kesho yake wakarudi na wenzao. Ndani ya wiki chache mgomo ukaenea miji mingine ya Kusini.

Mama alikuwa kimya muda wote namtafsiria. Mwishowe akauliza, "Yote haya kwa kikombe cha kahawa, mwanangu?" Kwetu muuza kahawa anakufuata mpaka barazani, hakuulizi wewe nani.

Mimi kilichonikaa ni Julai 25 ya mwaka huohuo. Duka lilipokubali kuhudumia weusi, baada ya hasara ya miezi kadhaa, watu weusi wa kwanza kuhudumiwa pale walikuwa wafanyakazi wake wenyewe, waliokuwa wakiwaandalia wengine siku zote. Mmoja wao, Geneva Tisdale, aliagiza sandwichi ya saladi ya mayai, aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Kwenye gari mama akawa anairudia hiyo sandwichi tu.